Mwanafunzi wa historia akipewa kamera badala ya insha: anajifunza historia au anajifunza kupiga picha?

#1 Ekari_Milioni

Wakuu, habari za leo.

Nafundisha historia chuo kikuu kimoja hapa Tanzania, mwaka wa pili. Kwenye kozi yangu moja niliacha kudai ile insha ndefu ya mwisho wa semista. Badala yake wanakaa vikundi vya watu wanne watano, wanatengeneza dokumentari ya dakika 12 kwa simu zao. Mada wanachagua wenyewe, ila wengi huangukia Mpango wa Karanga wa Kongwa, ule mradi wa Waingereza wa kulima karanga kwa matrekta baada ya vita, kwa kuwa eneo unaweza kulikanyaga na wazee wachache wanaokumbuka bado wapo.

Hoja yangu: anayetengeneza filamu anabanwa na ushahidi kuliko anayeandika insha. Mfano. Kikundi kimoja kilimhoji mzee aliyekuwa mtoto matrekta yalipoingia mwaka 1947. Mzee akasimulia vizuri, kisha akamalizia kwamba Wazungu wa karanga walipoondoka wakaingia vijana wa Mandela. Wanafunzi wakafurahi, sentensi tamu ya kufungia. Walipokaa kuhariri wakakwama. Waingereza walifuta mpango Januari 1951, na kambi ya wapigania uhuru pale Kongwa ilianza 1964. Miaka 13 katikati haina picha wala sauti. Kwenye insha ungeandika "baadaye" ukasonga mbele, na mimi nisingekushtukia. Kwenye filamu "baadaye" ni skrini tupu. Ikabidi warudi kwa mzee, na waingie Nyaraka za Taifa. Wakakuta majengo ya mpango yalikuwa shule ya watoto wa Kizungu hadi 1958, na ardhi ikageuzwa ranchi ya ng'ombe. Mzee alipoulizwa tena kuhusu ng'ombe akafunguka saa nzima.

Wenzangu idarani wanasema hiyo ni kazi ya watu wa uandishi wa habari, nawapotezea wanafunzi muda. Nyie mnasemaje?

#2 Kijiwe_Cha_Jioni

Nimekaa pale na kahawa. Uzi wa maana huu, mods msiuhamishe.

#3 Tanbihi

Mkuu #1, heshima yako, ila nakupinga.

Dakika 12 za kusoma kwa sauti ni maneno kama 1,500, na hapo hujamwachia mzee aseme hata neno. Utaeleza vipi ndani yake kwa nini mpango ulikufa? Kuna udongo wa mfinyanzi wa Kongwa uliokuwa ukikauka na kuwa kama saruji. Kuna mvua za Ugogo ambazo Wagogo wenyewe wangewaambia. Kuna vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta. Kuna United Africa Company walioanza kazi kabla ya Overseas Food Corporation kuichukua mwaka 1948. Kuna serikali ya Attlee yenye uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ikitaka matokeo ya haraka. Kila kimoja kina mjadala wake. Filamu itachagua trekta, kwa sababu trekta linaonekana. Bajeti haipigiki picha. Mwanafunzi ataondoka akiamini kwamba kisichopigika picha hakikuwa na uzito.

Na la pili: msomaji wa insha anaona umetoa wapi kila dai. Mtazamaji wa filamu anaona nini?

#4 Abiria_Mstari_wa_Nyuma

Mimi nimepita kwenye kozi ya aina hii, chuo kingine, si cha mleta uzi. Nawaambia ukweli wa vikundi: mmoja ana simu nzuri, mmoja anajua kuhariri, mmoja anajua kuongea na wazee, na wawili ni abiria. Maksi wote sawa. Yule mhariri wetu alikesha hosteli wiki ya mwisho huku wengine tunamuuliza "imefika wapi?" Insha walau kila mtu anabeba msalaba wake.

#5 Ekari_Milioni

#4 uko sahihi, hilo tatizo lipo. Kwangu filamu yenyewe ina maksi chini ya nusu. Kila mwanafunzi peke yake anawasilisha karatasi ya vyanzo: kila picha, kila kauli ya msimulizi, kila kipande cha mahojiano kimetoka wapi, kimepigwa lini na nani, na kwa nini umekiamini. Kisha namwita mmoja mmoja, nasimamisha filamu popote nipendapo namuuliza, "Hapa unajuaje?" Abiria anajulikana ndani ya dakika mbili.

#3, hizo ndizo tanbihi zako, mkuu. Ziko kwenye karatasi, haziko kwenye skrini. Hoja ya trekta nakubaliana nayo kabisa, na sina jibu lake lililokamilika. Kikundi kimoja kilijaribu kuonyesha udongo: binti alichukua bonge la udongo wa kiangazi akaligonga na jembe mbele ya kamera, jembe likadunda. Sekunde sita. Nikaona wameelewa ripoti walizosoma.

#6 Binti_wa_Ndanda

Naomba niseme kitu ambacho wasomi mnakizunguka. Mwanafunzi huyu insha anaiandika kwa Kiingereza. Mahojiano anayafanya kwa Kiswahili, au Kigogo, au Kimakua. Anaposhindwa insha mnasema hajui historia, kumbe nusu ya akili yake ilikuwa inatafuta sentensi ya Kiingereza isiyo na makosa. Mpe kamera, mwache aulize kwa lugha anayoota nayo, ghafla mnashangaa "kumbe ana hoja!" Hoja alikuwa nayo siku zote.

Kwa hiyo kabla hamjaisifia kamera, mngejaribu kwanza kuwaruhusu waandike insha kwa Kiswahili muone kama tofauti itabaki.

#7 Kijiwe_Cha_Jioni

#6 umepiga kwenye mshono.

#8 Tanbihi

#6 hoja nzito. Nikubali tu kwamba kama ni lugha, basi maksi za ziada za dokumentari si za dokumentari.

#9 Mtu_wa_Makabati

Habari wanajukwaa. Hili la kuwatuma wanafunzi wa chuo kwa wazee si geni hapa kwetu, msije mkadhani limeletwa na simu janja.

Mwaka 1968, Chuo cha Dar es Salaam kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kulikuwa na mradi wa utafiti wa Maji Maji. Wanafunzi walikwenda maeneo yaliyopigana vita ile ya 1905 hadi 1907, wakahoji wazee walioishuhudia au waliosimuliwa na wazazi wao. Gilbert Gwassa na John Iliffe walikuwa katikati ya kazi hiyo. Kazi za wanafunzi wa shahada ya kwanza zikawa chanzo ambacho wanahistoria duniani wanakitumia hadi leo. Niambieni ni insha ngapi za semista hii zitatumika miaka 50 ijayo.

Lakini kuna upande wa pili. Wanahistoria wa baadaye wamezisoma upya karatasi zile na kuhoji. Uhuru ulikuwa wa juzi tu, nchi ilikuwa inatafuta hadithi ya umoja, na maswali yaliyoulizwa yalielekea huko: makabila yote yakaungana chini ya maji ya Kinjeketile. Sehemu ambako watu walipigana kwa sababu zao za kienyeji, au walikaa upande wa Wajerumani, zilipata nafasi ndogo. Tunachosoma leo ni kurasa zilizopigwa taipu. Mzee aliposita kabla ya kujibu, kurasa hazituonyeshi. Video ingetuonyesha. Ndiyo maana mimi niko upande wa mleta uzi, kwa sharti moja: yahifadhiwe mahojiano ghafi, yote, na maswali yake. Ile filamu ya dakika 12 hata ikipotea hainiumi sana.

#10 Ekari_Milioni

#9 asante sana. Hili la mahojiano ghafi ndilo linaninyima usingizi. Chuo hakina mahali pa kuyaweka. Yako kwenye diski za nje mbili ofisini kwangu, na wanafunzi wakihitimu nakala zao zinafutwa kupisha picha za harusi.

#11 Mpiga_Picha_Mtaani

Wadau, mimi si msomi, napiga video za harusi na makongamano Dodoma. Nimewahi kukodishwa na vikundi vya wanafunzi kuwasaidia. Nawapa ya bure:

Sauti kwanza, picha baadaye. Mtu atavumilia picha yenye giza, sauti mbovu hatavumilia. Ile maiki ndogo ya kubana kwenye shati siku hizi bei yake si ya kutisha, changeni kwenye bumu. Msipige 4K, 1080p inatosha, vinginevyo simu itajaa mzee yuko katikati ya stori. Na kabla hamjawasha kamera kaeni kimya dakika moja msikilize mazingira. Kuna kikundi walipiga mahojiano mazuri mno, mama anaeleza jinsi walivyohamishwa enzi za Operesheni Vijiji, na pale pale anapotaja nani alikuja na lori, jirani akawasha mashine ya kusaga. Lile jina halisikiki mpaka kesho. Niliwachezea ile sauti kwenye programu kila namna, haikutoka.

#12 Tanbihi

#11 na hapo ndipo ninapowauliza: lile jina liliingia kwenye filamu au waliliacha? Maana mwenye kalamu angeandika palepale.

#13 Mpiga_Picha_Mtaani

Waliliacha mkuu. Mama alipofuatwa tena akasema hakumbuki kutaja jina.

#14 Mtu_wa_Makabati

Hiyo #13 ningeifundisha semina nzima. Hakumbuki, au amefikiria tena baada ya kuona kamera imeondoka? Vyote ni ushahidi.

#15 Mwana_wa_Reli

Mimi naomba turudi kwenye karanga kidogo. Kuna dokumentari moja ya wanafunzi niliiona inazunguka WhatsApp inasema reli ya Mtwara hadi Nachingwea iling'olewa ikaenda kujenga TAZARA. Mzee mmoja anasema kwa uhakika kabisa na msimulizi anarudia. Ndiyo hatari ya hii kitu. Ila na mimi babu yangu alisema hivyohivyo, kwa hiyo inawezekana ni kweli?

#16 Tanbihi

#15 si kweli, ndugu. Reli ya Kusini ilijengwa kwa ajili ya karanga, pamoja na bandari ya Mtwara, na ilifungwa miaka ya mwanzo ya 1960. TAZARA ilianza kujengwa 1970 ikakamilika 1975, km 1,860 Dar hadi Kapiri Mposhi. Na upana haulingani: TAZARA ni milimita 1,067, reli zetu za mkoloni ni mita 1.

Mnaona sasa? Kwenye insha ningeweka alama nyekundu pembeni, basi. Kwenye WhatsApp uongo umeshafika Masasi.

#17 Binti_wa_Ndanda

#16 upana wa njia hauthibitishi kitu, chuma cha reli ni chuma, unaweza kukipanga kwa upana wowote. Tarehe ndiyo yenye nguvu hapo. Mimi ni mtu wa Kusini, na swali la historia kwangu ni kwa nini watu wa Kusini wanaiamini hadithi hiyo. Kwa sababu tulinyang'anywa reli na hatukuona mbadala kwa miaka mingi. Ukimkata mzee kwenye filamu kwa sababu amekosea tarehe, umetupa kitu cha maana zaidi alichokuja nacho.

#18 Mwana_wa_Reli

Asanteni wote wawili. Hata hivyo babu sitamwambia.

#19 Ekari_Milioni

#17 ndiyo kazi niliyowapa kikundi cha mwaka huu, karibu neno kwa neno. Waweke kauli ya mzee, halafu waweke hati, na wasimpe mzee sura ya mjinga. Ni ngumu kuliko mnavyodhani. Muziki tu wa chini ukiuchagua vibaya unamfanya mzee aonekane anadanganya.

#20 Kasuku_wa_Vuga

Assalaam alaykum. Natokea Unguja, nilisomesha skuli kabla sijastaafu.

Ninyi mnazungumza wazee na simu. Mimi tatizo langu ni picha za zamani ambazo vijana wanazichopoa mitandaoni. Kila kijana anayetengeneza filamu ya Mapinduzi ya 1964 anatia zile picha zilizopigwa kutoka angani, watu wanakimbia, maiti zimelazwa. Zimetoka kwenye Africa Addio, filamu ya Waitaliano Jacopetti na Prosperi ya 1966. Mambo yaliyoonekana mle yana uzito wake na sitaki kuyafungua hapa. Lakini filamu ile ilikuwa na lake: kumwonyesha Mwafrika hajiwezi mkoloni akishaondoka. Jacopetti alichunguzwa huko kwao kwa tuhuma kwamba mauaji yaliyoonekana kwenye sehemu ya Kongo yalipangwa kwa ajili ya kamera, akaja akaachiwa. Kijana anakata sekunde ishirini, anatoa maneno ya Kitaliano, anatia yake, basi imekuwa "ushahidi". Hasemi nani alikuwa ndani ya ndege, wala alikuwa anatafuta nini.

Na kuna wazee wetu Muscat wenye kumbukumbu nyengine kabisa za siku zile, Kiswahili chao safi. Mwanafunzi anahoji watu watatu wa Unguja Mjini, anaita "historia ya Mapinduzi".

#21 Mtu_wa_Makabati

Wa alaykum salaam mwalimu. Umegusa kidonda. Bara tuna picha yetu: ile ya wanaume waliofungwa minyororo shingoni. Nimeiona kwenye filamu za wanafunzi ikiwa ni biashara ya utumwa, ikiwa ni Maji Maji, ikiwa ni kodi ya kichwa. Picha nyingi za namna hiyo ni za Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa na kazi ya upigaji picha katika koloni lao hapa, na zimehifadhiwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani. Zina namba, nyingine zina maelezo. Dakika tano za kutafuta zingemwonyesha mwanafunzi kwamba picha anayoiweka kwenye utumwa wa karne ya 19 imepigwa karne ya 20, na aliyeshika kamera ndiye aliyekuwa na kiboko upande wake.

#22 Abiria_Mstari_wa_Nyuma

Na za British Pathé, wale wa filamu za habari za zamani, je? Waliweka YouTube filamu zao kama 85,000 mwaka 2014, humo kuna Uhuru wa 1961 na mambo mengi ya Tanganyika. Sisi tulizichukua tu.

#23 Mpiga_Picha_Mtaani

#22 kuwekwa YouTube na kuruhusiwa kutumia ni vitu viwili, mdogo wangu. Wale wanauza leseni. Ndani ya darasa sijui mwalimu wako atasema nini, ila ukiirusha kwenye chaneli yako usishangae ikifungiwa.

#24 Mzigua_wa_Milimani

Salaam. Mimi natokea Korogwe. Mnafahamu kwamba Vugiri, milima ya Usambara, Waingereza walikuwa na kituo cha kutengeneza filamu kati ya 1935 na 1937? Waliita Bantu Educational Kinema Experiment, wakiongozwa na Notcutt na Latham. Walitengeneza filamu kama 35, waigizaji wenyeji wa huku huku, wakawa wanazizungusha Afrika Mashariki na Kati wakionyesha watu kuhusu minyoo, kodi, kahawa, ufugaji. Maelezo yalikuwa kwenye sahani za santuri, kwa lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Zilizosalia ni chache mno. Moja inahusu wakulima wa Kingolwira, Morogoro.

Ninalosema ni kwamba dokumentari hapa kwetu ilizaliwa ikiwa chombo cha mtu wa juu kumfundisha mtu wa chini. Nikiangalia hizi za wanafunzi, namna ileile ipo: msimulizi mwenye sauti nzito anajua kila kitu, mwanakijiji analetwa sekunde nane kuthibitisha. Mwalimu, ungewaonyesha ile ya Kingolwira kabla hujawagawia kazi.

#25 Ekari_Milioni

#24 hii naichukua. Asante sana. Tayari nimewaza swali la semina: kwenye kazi yako, nani anaruhusiwa kueleza, na nani anaruhusiwa kuthibitisha tu?

#26 Mwanamvita

Wenzangu wa Bara mwanisahau. Mbona hamjamtaja Ali Mazrui, msomi wetu wa Mombasa? Ule mfululizo wake wa vipindi tisa wa 1986, BBC na PBS, alisimama mwenyewe mbele ya kamera akaieleza Afrika kwa mtazamo wake mwenyewe. Wamarekani wa lile shirika la serikali lililotoa pesa wakakasirika, mkuu wake Lynne Cheney akataka jina la shirika liondolewe kwenye filamu. Hakujificha nyuma ya sauti isiyo na mwili. Kumbe tatizo la #24 lina dawa: msimulizi aonekane, ajitaje, akosolewe.

#27 Tanbihi

Mazrui alikuwa na miongo miwili ya vitabu nyuma yake aliposimama mbele ya kamera, dada. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akisema "haya ni mawazo yangu", hajasoma vya kutosha kuwa na mawazo hayo. Ndiyo maana insha kwanza.

#28 Mwanamvita

Mie ni kaka, na nimesamehe. Lakini kwa mantiki hiyo hata insha asiandike.

#29 Kijiwe_Cha_Jioni

🤣🤣 Tanbihi leo umepata wa size yako.

#30 Mnyonge_wa_Ulanga

Mimi nina jambo zito kidogo, vumilieni urefu.

Kijijini kwetu walikuja wanafunzi wa chuo fulani, sikitaji, watoto wenye adabu kabisa. Walikuwa na barua zote: ya chuo, ya mkoa, ya wilaya, mtendaji akagonga mhuri. Walikuwa wanatengeneza filamu kuhusu Operesheni Vijiji, 1974 na miaka ile. Baba yangu mkubwa akahojiwa. Akaeleza tulihamishwa kutoka wapi, na katika kueleza akasema shamba fulani lilikuwa la ukoo fulani kabla ya operesheni. Alikuwa anazungumza historia tu, ameketi kwenye kigoda chini ya mwembe, anafurahi vijana wanamsikiliza.

Filamu ikawekwa YouTube. Mtu wa ukoo ule akaipata. Akaipeleka kwenye baraza la ardhi la kata, ikachezwa kwenye simu mbele ya wajumbe. Baba mkubwa akaitwa. Akajitetea kwamba alisema kwa mazungumzo, hakuwa shahidi. Wakamjibu, "Mzee, lakini ni wewe huyu." Ugomvi ule umeingia kwenye misiba mpaka leo, watu hawazikani.

Barua zote zilikuwepo. Alisaini na karatasi ya ridhaa. Lakini karatasi ilisema "kwa madhumuni ya kitaaluma", na YouTube haijui taaluma. Anayefundisha kozi hii amweleze mzee kwa maneno ya kawaida: jirani yako ataiona, mjukuu wako ataiona, mtu mnayegombana naye ataiona, na huwezi kuifuta.

#31 Binti_wa_Ndanda

Pole sana ndugu #30. Poleni familia.

#32 Mtu_wa_Makabati

Pole. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo sasa, na vyuo vingi bado vinatumia fomu za zamani za ridhaa, zile za dodoso. Mahojiano ya video si dodoso. Sura yake ipo, ua wake upo, hata namba ya nyumba inaonekana.

Na hili linarudisha kwenye ombi langu la #9 la kuhifadhi ghafi. Inabidi niliongezee: kuhifadhi si kurusha. Nyaraka huwa na muda wa kufungwa, miaka 30 na zaidi kwa sehemu nyingi. Mahojiano yenye mambo ya ardhi au damu nayo yafungwe mpaka wahusika wamalizike.

#33 Mwanamvita

#32 hapo tutofautiane. Kufunga kumetuumiza Kenya. Mafaili ya ukoloni yaliyokuwa Hanslope Park kule Uingereza yalifichwa mpaka kesi ya wazee wa Mau Mau ikayafichua 2011, na fidia ikaja 2013, pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228. Wangapi walishakufa kwa kungoja? Wazee wetu wakisema sasa, dunia isikie sasa.

#34 Mnyonge_wa_Ulanga

#33 ndugu yangu, wale waliofungiwa mafaili ni serikali dhidi ya raia. Kwetu ni jirani dhidi ya jirani. Usiyafunge kwenye kapu moja.

#35 Kasuku_wa_Vuga

Na kwetu ni vyote viwili kwa pamoja, ndiyo maana wazee wananyamaza.

#36 Abiria_Mstari_wa_Nyuma

Nirudi kwenye swali la kwanza maana limepotea. Mimi naona sababu ni rahisi kuliko zote zilizotajwa: insha inaandikwa na ChatGPT. Wote tunajua. Unatoa swali asubuhi, jioni watu 80 wana insha zinazofanana. Dokumentari huwezi kuiagiza, lazima upande basi uende Kongwa. Wanajifunza kwa sababu wanalazimika kwenda, kamera imesingiziwa tu. Mngewapeleka na daftari wangejifunza vilevile.

#37 Binti_wa_Ndanda

#36 kwa hiyo tuna: lugha, safari, kamera, na karatasi ya vyanzo. Mleta uzi ameviweka vyote kwenye kozi moja halafu anauliza kipi kimefanya kazi 😄

#38 Ekari_Milioni

#37 umenibana. Ila kwa #36: nimewahi kuwapeleka na madaftari, kozi nyingine. Walirudi na mukhtasari: "mzee alisema maisha yalikuwa magumu." Aliyerekodi analazimika kumsikiliza mzee yuleyule tena na tena anapohariri, na mara ya tano ndipo anasikia kwamba mzee hakusema magumu, alisema walilipwa kwa wiki na duka lilikuwa la kampuni. Hapo ndipo ninapoona kamera ina lake.

#39 Tanbihi

Hiyo ni kinasa sauti, mkuu, si kamera. Rekodi sauti, wapate muda wa kuandika insha. Nimeshinda 😀

#40 Mtu_wa_Makabati

#39 mzee anapoonyesha kwa mkono reli ilipita wapi, kinasa sauti chako kitasema nini?

#41 Mwana_wa_Reli

Hapo ndipo ninapotaka kuingia. Ndugu yake babu alifanya kazi bandari ya Mtwara ilipokuwa inajengwa, yupo hai, anasikia vizuri, anakaa Mikindani. Anajua tuta la reli lilipopita hadi leo, anakupeleka kwa miguu. Mleta uzi, kuna kikundi chako kinakuja Kusini mwaka huu?

#42 Ekari_Milioni

#41 nimekutumia ujumbe PM. Kipo kimoja, wanakuja likizo ya mwezi wa saba. Kabla hawajaja, nitawapa #30 waisome, wote.

#43 Binti_wa_Ndanda

Wakija wasiulize "maisha yalikuwaje". Waulize mshahara, nani alikuwa msimamizi, walilala wapi, na habari za mgomo wa makuli wa Dar wa 1947 ziliwafikaje. Ule mgomo ulipanda na reli mpaka Kongwa wakagoma, lakini Mtwara sijawahi kusikia mtu akiuelezea.

#44 Tanbihi

Mtwara 1947 ujenzi wa bandari ulikuwa bado haujashika kasi, angalieni tarehe kabla hamjamlisha mzee swali.

#45 Mwana_wa_Reli

Nitamuuliza mwenyewe Jumapili aliingia kazini mwaka gani. Ila atanijibu kwa mwaka wa njaa fulani, mjiandae kunisaidia kuutafuta.